Vichochezi vya ukuaji ni nini, na vinafanya nini kwenye soriasisi?

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, akichubuliwa mkono na kamba, baada ya siku chache ngozi imeshajifunga. Kazi hiyo inaongozwa na vichochezi vya ukuaji: protini ndogo ambazo seli hutoa, zikinasa kwenye vipokezi vya seli jirani na kuziamuru zigawanyike. Kile cha ngozi ya juu kiligunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini.

Kidonda kikipona, amri hukoma. Kwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi kuota mabaka yenye magamba, haikomi. Seli za kinga hutoa kemikali za uvimbe, kama interlukini-17 na interlukini-22. Seli za ngozi nazo zinajibu kwa kutengeneza vichochezi vyao wenyewe, hasa TGF-alfa, na kuita seli za kinga zaidi. Moto unajichochea wenyewe.

Kwa kawaida seli huchukua takriban mwezi kupanda kutoka tabaka la chini hadi kubanduka. Hapa inatumia siku chache tu, kwa hiyo inafika juu ikiwa changa, kiini bado kimo. Seli changa hazibanduki mojamoja. Hugandana kuwa magamba viwikoni, magotini na kichwani. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, baka huwa la zambarau au kijivu, ndiyo maana wengi huambiwa ni fangasi.

Ukibandua gamba (bora usibandue) vitatokea vitone vya damu. Kichochezi kingine, cha mishipa ya damu, kimeotesha vimishipa hadi karibu kabisa na uso wa ngozi.

Kusugua kwa dodoki ni kujiumiza bure: mchubuko mpya unaweza kuotesha baka jipya mahali hapohapo, kwa kufuata mstari wa mkwaruzo. Mawese yanalainisha magamba, sina ugomvi nayo, ila amri hayaigusi. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali, zinazouzwa Mwanga, Kigoma, bila cheti cha daktari, hutuliza kwa muda. Ukiziacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Na hauambukizi, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mtu sahani.

Hospitalini, kalsipotrioli, ya jamii ya vitamini D, hupunguza kasi ya seli kugawanyika. Methotreksati hutuliza kinga. Sindano mpya huziba interlukini-17 yenyewe, kabla seli ya ngozi haijapata amri.