Vigae vilivyotokana na asbestosi: maswali na majibu

Swali: Nimesikia Italia wamejaribu kuchoma mapaa ya asbestosi (madini ya nyuzi yaliyochanganywa na saruji) na kuyatengenezea vigae. Si ndiyo kuingiza sumu sebuleni?

Jibu: Hofu yako ina msingi. Pale Casale Monferrato, mji wa kaskazini mwa Italia, kiwanda cha saruji ya asbestosi kilifanya kazi kuanzia 1907 hadi 1986. Waliougua hawakuwa wafanyakazi peke yao; wamo wake waliofua nguo za kazi za waume zao, na majirani pia. Italia ilipiga marufuku asbestosi mwaka 1992, lakini mapaa ya zamani bado yapo.

Asbestosi inadhuru kwa sababu ya nyuzi zake. Ni nyembamba mno, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hushindwa kuziyeyusha. Kovu la mapafu, saratani ya mapafu au mesotelioma (saratani ya utando, hasa ule unaozunguka mapafu) huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mvutaji sigara yuko hatarini zaidi kupata saratani ya mapafu.

Swali: Sasa moto unasaidia nini?

Jibu: Nyuzi hizo ni madini yenye maji yaliyofungwa ndani yake. Ukiyapasha moto sana, maji hutoka na madini hugeuka kuwa mengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Modena na Reggio Emilia, jirani na viwanda vya vigae vya Sassuolo, walichoma mabamba ya saruji ya asbestosi kwa takriban nyuzijoto 1,200, wakayasaga, kisha wakachanganya unga wake na udongo wa kauri. Tahadhari moja: madini yanaweza kubadilika huku umbo la uzi likibaki kwa nje. Kwa hiyo kila shehena ipimwe kwa eksirei na darubini ya elektroni kabla ya kusagwa.

Kigae chenyewe hakinitishi. Safari ya kutoka paani hadi tanurini ndiyo yenye vumbi. Gharama ya nishati nayo ni kubwa, na kuyafukia mabamba ardhini ni rahisi zaidi.

Swali: Tanuri letu la matofali kijijini litafaa?

Jibu: Hapana, hata kidogo. Joto lake halilingani kila upande, na anayevunja mabamba ayapange humo atavuta vumbi lote.

Swali: Paa la shule yetu ni la asbestosi. Tufanye nini?

Jibu: Likiwa zima, liacheni, msilitoboe, msilikate, msilisugue. Likivunjika, watoto wakae mbali, vipande vilowanishwe na visifagiliwe vikiwa vikavu. Kwa kuliondoa, ulizeni mamlaka ya mazingira (NEMC Tanzania au NEMA Kenya) kuhusu mkandarasi mwenye kibali. Na vipande visitumike kujazia njia.