Umeme ukikatika, diski yako inasema ukweli?

Nimetumiwa tena orodha ya manunuzi ya seva ya PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data (database). Juu, prosesa mbili za kore 64 kila moja. Katikati, RAM ya kutosha mkoa mzima. Chini kabisa, kama kwa aibu: SSD nne (diski za chipu, zisizozunguka) za kompyuta za mezani, zimeunganishwa kwa RAID 5, mpango wa kuzifanya diski kadhaa ziwe kama moja. Na swali: "Kaka, tuweke Ubuntu au Red Hat ndiyo database iende kasi?"

Jamani. Zote mbili ni mfumo endeshi mmoja, Linux, zimepishana matoleo na mipangilio. Kinachoamua ni diski, tena si zile gigabaiti kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi.

Ukifanya COMMIT (kuthibitisha mabadiliko), PostgreSQL huandika WAL (daftari la mabadiliko), huita fsync (ombi la kuhakikisha data imeandikwa diskini), kisha husubiri. Jibu la fsync linapaswa kuwa na maana moja: data imefika mahali ambapo umeme ukikatika haipotei. SSD ya kawaida hupokea data kwenye kashe yake kwanza, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Ikiwa mwaminifu, huihamishia kwenye chipu za kudumu kabla ya kujibu, na kasi uliyotangaziwa huioni tena. Ikiwa mwongo, hujibu "tayari" huku data ingali kwenye kashe. SSD za seva zilizo na kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) hubakiza umeme wa kumalizia kuandika tu, basi. Ndiyo maana zinaweza kujibu upesi bila kudanganya. Hicho ndicho unachokilipia.

"Lakini tuna UPS (betri ya akiba) na jenereta." Sawa. UPS haizuii power supply kuungua, wala fundi kuchomoa waya wa seva ambayo hakuitiwa.

Pima kwa pg_test_fsync, programu ya kupima kasi ya fsync, inakuja na PostgreSQL yenyewe. Diski ya kuzunguka, ya mizunguko 7,200 kwa dakika, hugeuka mara 120 kwa sekunde. Kipimo kikikuonyesha fsync elfu kadhaa kwa sekunde, na hapo katikati hakuna RAID kontrola (kadi inayosimamia diski) yenye kashe ya betri, ujue unadanganywa.

RAID 5: kuandika kipande kidogo kimoja ni kazi nne, yaani kusoma data ya zamani, kusoma pariti (hesabu ya kurejesha data diski moja ikifa), kuandika data, kuandika pariti. RAID 10, inayoweka nakala mbili za kila data, ni kazi mbili. Sina la kuongeza.

Kore: query (swali kwa database) ya kutafuta salio la mteja mmoja hukimbia kwenye kore moja, hata ukinunua 128. Tangu toleo la 9.6, la mwaka 2016, query moja inaweza kugawanywa kwenye kore kadhaa, ila faida yake utaiona kwenye ripoti kubwa. Chukua kore chache zenye kasi.

Kuna mahali mfumo endeshi una uzito kweli, na hapo sijawahi kuulizwa. Mwaka 2018 ilibainika kwamba Linux ikishindwa kuandika ukurasa (kipande cha data) diskini, fsync hurudisha kosa, lakini kerneli, kiini cha Linux, inauhesabu ukurasa ule kuwa safi, yaani umeshaandikwa. PostgreSQL ikijaribu tena, inaambiwa mambo shwari. Data haipo! FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, huuacha ukurasa ukiwa bado unadai kuandikwa. Tangu matoleo ya Februari 2019, PostgreSQL ikipata kosa hilo hujizima makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye WAL. Miaka yote ya nyuma tulikuwa tunaamini tu, na vitabu vyetu vilikuwa vimenyamaza.

Kwa distro (toleo la Linux, kama Ubuntu au Red Hat), angalia muda wa kuhudumiwa. Waliohamia CentOS 8, distro nyingine, walitarajia kuhudumiwa hadi 2029. Ikafungwa 31 Desemba 2021. Baada ya hapo, chukua ile ambayo anayeamshwa usiku anaijua.

RAM ndiyo inayonisumbua. Robo ya RAM kwa shared_buffers (kumbukumbu ambayo PostgreSQL hujitengea) ni pa kuanzia tu, na mfumo ambao haujaanza kazi huwezi kuujua utagusa data kiasi gani kwa siku. Nikiulizwa, nakadiria. Kwa hiyo nunua ubao mama (motherboard) wenye nafasi tupu za RAM, uongeze baada ya kuona takwimu za miezi ya mwanzo.