Chanjo ya gripe haikufichwa, haikuagizwa

Kila mwezi wa sita, baridi inapoingia Lubumbashi na vumbi likajaa hewani, swali lilelile la chanjo ya gripe, yaani homa ya mafua (influenza), linanifuata kituoni kwetu Katuba: «Docta, ile shindano ya gripe munaifichaka wapi?» Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini hapa ukivaa koti jeupe, jina ni hilo. Anayeuliza huwa ana ndugu Ubelgiji aliyechomwa, au shemeji aliyechomwa kazini kwenye kampuni ya madini. Sasa yeye kakosa nini?

Nimejibu mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni. Leo nijibu nikiwa nimekaa.

«Wanaificha Kinshasa»

Chanjo za watoto, kama BCG ya kifua kikuu, polio, penta (ile ya magonjwa matano), surua na homa ya manjano, huja kupitia PEV, ile programu ya taifa ya chanjo. Zikitoka Kinshasa hufika depo ya mkoa, halafu zoni ya afya, halafu kwetu. Gripe haimo kwenye orodha hiyo. Basi hakuna katoni za PEV za gripe zinazokaa Kinshasa ili watu wa Katanga wanyimwe.

Watu hudhani chanjo hii ni kama parasetamoli: ipo mahali, kuna mtu tu ameifungia kabati. Lakini haipo mpaka mtu aiagize, na aiagize mapema.

Hata Marekani daktari haamki mwezi wa tisa akaikuta mlangoni. Sehemu kubwa ya dozi za huko huuzwa kibiashara: kliniki, hospitali na farmasi huandikisha oda kwa mtengenezaji au kwa muuzaji wa jumla miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa ajili ya sindano za mwezi wa tisa na wa kumi. Kiwanda nacho hupanga kazi kikiangalia oda. Mzigo hauji wote siku moja. Huja kidogokidogo, kadiri kila fungu linavyopita ukaguzi. Ndiyo maana kliniki moja inaanza kuchoma na ya jirani bado inangoja gari.

Oktoba 2004 Uingereza ilisimamisha leseni ya kiwanda cha Chiron kule Liverpool kwa sababu ya bakteria, na Marekani ikakosa karibu nusu ya dozi ilizozitegemea msimu ule. Pesa walikuwa nazo. Muda wa kutengeneza nyingine ndio hawakuwa nao.

«Wakitaka, wiki moja inatosha»

Haitoshi, kwa sababu ya yai. Jambo hili mama muuza mayai wa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, alilielewa kuliko vijana wengi wenye diploma. Treyi zake zinapitia Kasumbalesa kutoka Zambia, na anajua kuku hukaa miezi kabla ya kutaga yai la kwanza. Kiwanda cha chanjo kina hesabu hiyohiyo, tena ngumu zaidi, kwani mayai ya treyi yake hayafai: hayakupitiwa na jogoo. Linatakiwa yai lenye kifaranga ndani, cha siku kumi au kumi na moja hivi.

Yai hutobolewa tundu dogo, virusi hudungwa, tundu huzibwa, yai hurudishwa kwenye joto kwa siku mbili tatu. Kisha hupozwa, hufunguliwa, na yale maji ambamo virusi vimezaliana hunyonywa. Virusi huuawa kwa kemikali kama formaldehidi, huvunjwavunjwa, husafishwa, mpaka kinachotafutwa kibaki: protini ya juu ya kirusi, hemaglutinini. Dozi ya kawaida hubeba mikrogramu 15 kwa kila aina ya kirusi, na kila aina hutengenezwa peke yake kabla ya kuchanganywa. Viko viwanda vinavyotumia seli badala ya mayai, lakini dozi nyingi duniani bado ni za mayai. Tangu virusi kuchaguliwa mpaka dozi za kwanza kutoka, hesabu miezi sita.

«Ni ya mwaka jana, wamebadili karatasi»

Hapana, virusi vyake hupitiwa upya kila msimu. OMS, Shirika la Afya Duniani, huitisha wataalamu mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili kwa upande wa kaskazini wa dunia, mwezi wa tisa kwa upande wa kusini. Wanachambua virusi vilivyokusanywa na mtandao wa maabara ulioanza 1952, kisha wanachagua vya kuwekwa kwenye chanjo. Na sisi tumo: kijiti kinachoingizwa puani mwa mgonjwa hapa Kongo, sampuli yake inapimwa INRB, maabara ya taifa kule Kinshasa.

Wengine walilalamika kwamba chanjo ya aina nne imerudi kuwa ya aina tatu, wakaona wamepunjwa. Aina iliyoondolewa, B/Yamagata, haijathibitishwa kuzunguka popote tangu Machi 2020. Ungeiweka ya nini?

«Baridi kali ndiyo inaihifadhi»

Yaya mmoja aliniletea sindano aliyoinunua safarini. Ilikuwa imelala usiku mzima kwenye kongelateri, kando ya samaki. Nilimwonea huruma, maana ilikuwa imekwisha. Chanjo ya gripe hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda, inatupwa. Kosa lake naliona lilikotoka: watu walisikia chanjo ya Ebola ya Ervebo kule Kivu ikitunzwa kwenye nyuzi 60 mpaka 80 chini ya sifuri, wakadhani zote ni hivyo. Na jicho halikusaidii. Ile pastille ya kwenye kichupa, alama inayobadilika rangi, huonyesha joto, haionyeshi kuganda. Penta tunaweza kuitikisa tukaona kama inatuama haraka, kwa kuwa ina alumini. Chanjo nyingi za gripe hazina.

Mengine, kwa haraka

«Inaleta gripe»: ya sindano haina kirusi hai. Mkono utauma, homa kidogo labda, na kinga inahitaji kama wiki mbili. Ukiambukizwa kabla ya hapo, usiilaumu sindano.

«Gripe ni ya nchi za theluji»: waulize watu wa Bosobolo, wakati ule mkoa wa Équateur, leo Nord-Ubangi, ambako mwishoni mwa 2002 gripe ya H3N2 iliua watu wengi, watoto wadogo wakiwa mbele.

Yule mama wa mayai alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza ya baridi ijayo inaagizwa lini. Nikamwambia: virusi vya upande wetu vinachaguliwa mwezi wa tisa, dozi zinatoka kama mwezi wa tatu au wa nne, basi mwenye kuitaka lazima awe ameshaandikisha. Akahesabu kwa vidole.

«Na hapa kwenu, nani anajaza hiyo karatasi ya oda?»

Kituoni kwetu, hakuna.