Je, wajua kwa nini bahari ya hoteli huondoka saa nne asubuhi?

Hoteli ya kila kitu ndani huanza na mkanda. Unafika mapokezi, unafungwa utepe wa plastiki mkononi, na kuanzia hapo hugusi tena pochi: chakula, vinywaji, taulo, kiti cha ufukweni, vyote vimeshalipiwa. Mimi na mke wangu tulifungwa mikanda hiyo kwa mara ya kwanza upande wa Jambiani, mashariki ya Unguja. Tulitoka Dodoma, na wiki ya mwezi mpevu tuliichagua kwa makusudi, tukitaka mbalamwezi juu ya maji. Asubuhi ya kwanza tukanywa chai, tukabeba taulo, tukashuka ufukweni saa nne. Bahari haikuwepo.

Yaani ilikuwepo, ila mbali kama kilomita moja, mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. Kati yetu na mstari huo palikuwa na mchanga, vidimbwi, na ngalawa zimelala ubavu. Nikamwambia kijana wa taulo kwamba labda tumekosea msimu. "Si msimu, kaka," akasema. "Maji ya bamvua haya."

Hapo nikachanganyikiwa zaidi. Bamvua nilikuwa nikilijua kama neno la vitabuni, na maana yake kichwani mwangu ilikuwa moja: maji kujaa sana. Nilijua pia, kama kila aliyesoma jiografia, kwamba mwezi huvuta maji. Basi mwezi mpevu, mvuto mkubwa, maji mengi. Hesabu yangu ilikuwa safi, na mbele yangu palikuwa na uwanja wa mpira.

Kosa la kwanza ni kudhani bamvua huongeza maji. Haiongezi. Bahari hupanda na kushuka kuzunguka kimo kilekile cha katikati, kama bembea ya watoto. Ukiisukuma bembea kwa nguvu zaidi, haibaki mbele. Inapanda juu zaidi mbele, kisha inarudi juu zaidi nyuma. Wakati wa bamvua, Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Wiki moja baadaye huja maji mafu, na tofauti hiyo hubaki mita 1 na kidogo. Kwa hiyo siku za maji makubwa kuliko yote ndizo pia siku za maji madogo kuliko yote. Zinazopishana ni saa tu, na sisi tulishuka katika saa ya pili.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu zaidi, na nalieleza kwa sababu nimeshalisikia kwa wengi. Kama mwezi huvuta maji upande wake, bahari ingepaswa kujaa mara moja kwa siku, mwezi ukiwa juu yetu. Lakini hujaa mara mbili. Ya pili inatoka wapi? Chukua bodaboda tatu zimefuatana barabarani. Ya mbele inakwenda kasi sana, ya kati kasi ya wastani, ya nyuma inajikokota. Aliyepanda ya kati akitazama, ataona ya mbele inamwacha, na ya nyuma nayo inazidi kuwa mbali. Kwake yeye, zote mbili zinamkimbia. Boda ya mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi, yanayovutwa zaidi. Ya kati ni dunia yenyewe. Ya nyuma ni maji ya upande wa pili, yanayovutwa kidogo kuliko dunia na hivyo huachwa nyuma. Matokeo ni vilima viwili vya maji, kimoja kila upande, na dunia ikizunguka kila ufuko hupita kwenye vyote viwili. Picha hii ya vilima imerahisishwa mno. Bahari halisi imezuiwa na mabara, ina vina tofauti, na maji yake huyumba ndani ya beseni lake kwa namna yake. Ila kwa swali la mara mbili, picha inatosha.

Sasa saa. Hapa ndipo penye utamu.

Fikiria basi la kijijini linalopita kwenu mara mbili kwa siku, ila kila siku linachelewa dakika 50 kuliko jana. Leo limepita saa nne asubuhi. Kesho litapita saa tano kasoro dakika kumi. Keshokutwa, saa tano na dakika arobaini. Zikipita siku saba, ucheleweshaji umefika dakika 350, karibu saa sita kamili. Zikipita wiki mbili, umefika kama saa kumi na mbili: basi la usiku limechukua nafasi ya basi la asubuhi, na kwa anayesubiri kituoni ni kana kwamba ratiba imerudi ilipoanzia. Bahari hufanya hivyohivyo, kwa sababu dunia inapomaliza mzunguko mmoja, mwezi umeshasogea mbele kidogo na inabidi dunia iukimbilie, kama mshale wa dakika unavyoufukuza mshale wa saa.

Jambo ambalo sikuwa nimeliwaza ni kwamba sura ya mwezi ni saa. Mwezi mpevu daima hupita utosini karibu na saa sita usiku. Mwezi mwandamo, usioonekana, hupita karibu na saa sita mchana. Hauwezi kuwa vinginevyo, maana sura yake hutokana na mahali ulipo ukilinganisha na jua, na saa zetu tumezipata kwa jua. Katika pwani yetu, maji hujaa kama saa nne hivi baada ya mwezi kupita juu, au kupita chini ya nyayo zetu upande wa pili. Ongeza saa nne kwenye saa sita: saa kumi. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Na siku hizohizo ndizo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, ndizo za bamvua. (Nguvu ya jua katika kazi hii haifiki nusu ya ile ya mwezi, lakini inatosha kuleta tofauti.) Bamvua lenyewe huelekea kuchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, kwa hiyo saa husogea mpaka tano hivi.

Unganisha yote: huku kwetu, kupwa kukubwa kuliko kote huangukia katikati ya asubuhi, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ni bahati ya jiografia tu. Pwani nyingine ambayo maji yake huchelewa saa tisa au kumi nyuma ya mwezi ingekuwa na ratiba tofauti kabisa. Malindi, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja zimekaa pamoja katika ratiba hii, zikipishana kidogo tu.

Kuhusu ile kilomita, jibu ni fupi. Maji hushuka mita zilezile Nungwi na Jambiani, lakini Jambiani na Paje sakafu ya bahari ni sinia, bapa mpaka kwenye mwamba. Nungwi na Kendwa inafanana zaidi na sufuria. Mwaga kikombe cha maji kutoka kila kimoja uone ukingo wa maji umesogea kiasi gani. Mgeni anayezunguka na gari angeweza kwenda kuoga kaskazini. Mwenye mkanda mkononi amekwama na sinia aliyolipia. Nashuku mabwawa makubwa ya kuogelea ya hoteli za upande ule si anasa peke yake.

Wenyeji hawakuwa na tatizo. Saa ileile niliyokuwa nikihuzunika na taulo, wanawake walikuwa mbali huko wakifunga mwani kwenye kamba, kilimo kilichoanza pande hizo mwaka 1989, na wengine wakitafuta pweza miambani. Kwao bamvua ni siku za kazi; maji mafu hayafunui vya kutosha. Jirani yetu wa bafe, mama wa Kitaliano, alishangaa kuliko sisi. Nilimwelewa: sehemu kubwa ya Mediterania maji hayapandi hata nusu mita, kwa hiyo bahari ya kwao haina tabia ya kuondoka. Lugha yetu ilikwisha kulisema jambo hili zamani. Neno pwani limetokana na kupwa: ni pale maji yanapokauka. Nililipia pwani, nikapewa pwani.

Mwaka uliofuata niliuliza kwanza mwezi ni wa ngapi, nikapanga tufike tarehe nane ya mwezi mwandamo. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamesogea karibu na ngazi, hayakuwa mengi sana, na jioni yalirudi nyuma kidogo tu. Tuliogelea asubuhi zote tatu za kwanza. Usiku mke wangu akatazama juu, akasema tumeuziwa nusu mwezi kwa bei nzima.