Kabla Hujatuma Pesa ya Fleti Dubai: Maelezo kwa Wateja wa Kisumu na Viunga Vyake

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la malipo ya ng'ambo hapa Kisumu yanafanana. Mteja ameshachagua fleti Dubai ya kupumzikia Desemba na kupangisha miezi mingine, dalali amempa siku saba alipe, na benki "imekataa" kutuma pesa. Mara nyingi benki haijakataa chochote. Imeuliza swali ambalo halijajibiwa.

Mkenya anaruhusiwa kununua nyumba nje ya nchi. Sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni ilifutwa mwaka 1995, wala huhitaji kibali cha Benki Kuu ili umiliki fleti. Hata hivyo wapo wanaokuja kaunta wakinong'ona kama wanaoomba haramu, na wengine huleta hadithi ya karo ya mtoto ili pesa ya nyumba ipite. Tafadhali, acheni. Uongo kuhusu madhumuni ya malipo huifanya shughuli halali itiliwe shaka, na afisa akishashuku, sheria inamtaka aripoti, tena bila kukuarifu.

Utaratibu ni huu. Malipo yanayozidi dola 10,000 lazima yaambatane na hati: mkataba wa ununuzi au fomu ya kuwekesha fleti, pasipoti, PIN ya KRA na ushahidi wa chanzo cha fedha. Hapo kwenye chanzo ndipo wengi hukwama. "Niliuza shamba" si ushahidi. Kama uliuza ploti Mamboleo, tuletee mkataba wa mauziano, taarifa ya akaunti inayoonyesha mnunuzi akikulipa, na risiti ya kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Kama ni mkopo wa sacco, leta barua ya mkopo na taarifa ya sacco yenyewe, si picha ya simu. Kama ni chama, leta kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, na tutauliza fleti itaandikishwa kwa jina la nani. Hilo la jina si udaku. Wanachama wote wakichanga kisha hati itoke kwa jina la mweka hazina peke yake, kesi itakayofuata hatutaweza kuwasaidia.

Pesa taslimu zina kanuni zake. Ukiweka au kutoa shilingi milioni moja au zaidi utajaza fomu ya kueleza zilikotoka na zinakokwenda, na muamala wa taslimu unaofikia dola 15,000 unaripotiwa kwa FRC, taasisi ya serikali inayofuatilia utakatishaji wa fedha. Kuripotiwa si kushtakiwa. Lakini kuleta laki tisa Jumatatu, laki tisa Jumatano na laki nane Ijumaa ili ukwepe fomu, hilo mfumo unaliona vizuri kuliko unavyodhani, hata vipande vikipitia simu za shemeji na binamu. Anayebeba fedha mwenyewe kupitia uwanja wa ndege azitangaze kwa forodha zikizidi dola 10,000. Asipotangaza, mahakama inaweza kumtoza faini ya hadi asilimia 10 ya kiasi hicho. Anayepatikana na hatia ya utakatishaji wenyewe anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 14, au faini ya hadi shilingi milioni 5 au thamani ya mali husika, ipi iliyo kubwa, au vyote viwili.

Wateja huuliza mbona miaka ya nyuma hatukuwa wakali hivi. Februari 2024, katika kikao kimoja cha FATF, shirika la kimataifa linalosimamia mambo haya, Kenya iliingizwa kwenye orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu na Falme za Kiarabu, ambako Dubai ipo, zikaondolewa. Kwa hiyo benki inayopokea pesa yako kule nayo inauliza, na majibu yako hapa yafanane na ya huko.

Sasa pesa ziende wapi? Kwa fleti ambayo haijajengwa, sheria ya Dubai ya mwaka 2007 inamtaka mjenzi afungue akaunti maalumu ya mradi, na malipo ya wanunuzi huingia humo. Dalali akikupa akaunti yenye jina lake, usitume. Ununuzi huo nao usajiliwe na Idara ya Ardhi ya Dubai, na ada ya asilimia 4 ya bei uitenge mapema, pamoja na ada ya huduma za jengo inayolipwa kila mwaka, uwe na mpangaji au usiwe naye.

Malipo ya awamu yana jambo ambalo madalali hulipitia haraka. Dirham, sarafu ya Dubai, imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Shilingi haijafungwa popote. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa karibu 129. Awamu ya dola 10,000 ilitofautiana kwa takriban laki tatu ndani ya mwaka mmoja, na mshahara wako haukubadilika.

Kuhusu kuitumia mwenyewe na kuipangisha pia, chagua kabla hujanunua. Kupangisha kwa siku chache kunahitaji kibali cha idara ya uchumi na utalii ya Dubai. Ukipangisha kwa mkataba wa mwaka, huwezi kumwambia mpangaji apishe kwa kuwa watoto wamefunga shule. Mwenye nyumba anayeitaka kwa matumizi yake mwenyewe hutoa notisi ya miezi 12 kupitia mthibitishaji rasmi au barua ya rejista, na mkataba uwe umefika mwisho. Akishaichukua hivyo, haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine kwa miaka miwili. Wanaonijia na hesabu ya "Desemba yetu, miezi kumi na mmoja ya mpangaji" nawauliza kama wamesoma sheria hiyo. Kimya.

Kodi za Kenya si kazi ya benki kuzitolea uamuzi. Asilimia 7.5 ya kila mwezi mnayoizoea ni ya nyumba za kukaa zilizo Kenya. Kuhusu pato la Dubai, iandikieni KRA au muulizeni mshauri wa kodi, na jibu liwe kwa maandishi.

Wasia nao huachwa mpaka msiba utokee. Hati ya urithi iliyotolewa na mahakama ya Kisumu, peke yake, haihamishi fleti ya Dubai. Wasio Waislamu wanaweza kusajili wasia hukohuko, katika huduma iliyofunguliwa DIFC, kituo cha kimataifa cha fedha cha Dubai, mwaka 2015.

Na zile siku saba za dalali: tuletee hati kabla hujatia sahihi, hata rasimu. Tutakwambia kinachopungua siku hiyohiyo, jambo lisilowezekana ukija Ijumaa saa tisa alasiri na dalali akiwa kwenye simu.