Dozi ya kemikali kwenye majitaka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Maji yakizidi uchafu, ongeza kemikali.

Katika dhana zote, hii ndiyo inayoharibu kazi zaidi. Chembe ndogo zinazoelea kwenye majitaka nyingi zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na hazitulii. Shabu au kloridi ya feri huleta chaji chanya, chembe zikashikana, zikawa mabonge na kuzama. Ukizidisha dozi, hasa ya polima yenye chaji chanya (kemikali ya molekuli ndefu inayoshikanisha chembe), chembe hujaa chaji chanya na kuanza kusukumana upya. Maji yanarudi kuwa na ukungu.

Shabu pia hula ualkali, yaani uwezo wa maji kupinga asidi: kila miligramu 1 hutumia takriban miligramu 0.5 ya ualkali uliopimwa kama kalsiamu kabonati. Ualkali ukiisha, pH huporomoka na mabonge hayaundiki vizuri. Hapo fundi anaona ukungu, anaongeza shabu, na hali inazidi kuwa mbaya, kumbe maji yalikuwa yanahitaji chokaa ya kurudisha ualkali.

Kabla ya kugusa pampu, panga bika (vikombe vya maabara) sita zenye maji yaleyale, kila moja na dozi yake. Koroga kwa kasi kama dakika moja, kisha polepole kwa dakika 15 au 20, halafu acha yatuame. Chagua dozi ndogo kabisa inayoacha maji maangavu juu ya tope, na upime pH yake.

Dhana: Pampu ikishasetiwa, kazi imeisha.

Chukua mtambo unaopokea mita za ujazo 2,000 kwa siku, dozi ikiwa miligramu 50 kwa lita. Hizo ni kilo 100 kwa siku, kama kilo 4.2 kwa saa. Usiku wa manane zinaingia mita za ujazo 40 kwa saa, na pampu ile ile inatoa zaidi ya miligramu 100 kwa lita. Asubuhi watu wakioga na kufua, zinaingia 150, na dozi inashuka hadi 28. Wastani wa siku ni sahihi, lakini dozi imekosewa karibu kila saa. Pampu inapaswa kufuata mita ya mtiririko, na ujazo inaotoa upimwe mara kwa mara kwa silinda na saa, kwa sababu valvu huziba.

Dhana: Klorini nyingi ni usalama zaidi.

Klorini huungana kwanza na amonia. Ukiendelea kuongeza, kuna kiwango ambapo mabaki ya klorini hushuka badala ya kupanda, na mtu asiyelijua hilo hudhani pampu imekufa. Inayobaki ikifika mtoni huua samaki, ndiyo maana mitambo mingi huiondoa kwa bisulfaiti kabla ya kuyaachia maji.

Dhana: Bila kemikali hakuna usafishaji.

Mabwawa ya Dandora, yaliyoko Ruai, husafisha sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi kwa bakteria, mwani, jua na muda.