Laptopu ya asiyeona: ijaribu kwa vidole na masikio kabla hujalipa

Muuzaji ataanza na skrini. Atakwambia ni pana, inang'aa, haichoshi macho. Kwa mwalimu, karani au wakili asiyeona, anayefanya kazi kwa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hizo ni pesa za kitu asichokitumia. Yeye anataka kibodi isiyompoteza na sauti isiyochelewa, na mambo hayo mawili hayaandikwi kwenye karatasi ya bei. Sharti uyaguse na uyasikie mwenyewe, pale pale dukani.

Nenda na vitu vitatu: flashi yenye NVDA, iafoni za waya, na faili ya Word ya kurasa 40 hivi. NVDA ni kisoma skrini cha bure cha Windows kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, na hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Wapo wenye maduka wasiotaka flashi ya mgeni kwa kuogopa virusi, na siwalaumu. Hapo bonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja, na kisoma skrini cha Windows yenyewe kitaanza kusema.

Kisha shika Insert na ubonyeze 1. Tangu hapo kila kitufe hutaja jina lake bila kufanya kazi yake. Vipitie vyote safu kwa safu, kuanzia Esc. Ndipo utakapogundua kitufe kinachotaka kukandamizwa mara mbili, au Home na End zisizopatikana mpaka ushikilie Fn. Baadhi ya vitufe vya Fn vitanyamaza. Hivyo si vibovu, huishia ndani ya mashine bila kufika kwenye Windows. Angalia kama F1 hadi F12 zimeachiwa mwanya baada ya kila vitufe vinne. Pasipo mwanya, kuitafuta F7 ni kuhesabu upya kutoka Esc kila mara, kutwa nzima. Vinundu vya F na J viwe vinasikika kidoleni. Mishale ya juu na chini nayo iwe ya kutosha kidole, maana kisoma skrini huendeshwa kwa mishale kuliko kitufe kingine chochote. Kitufe cha kuwashia kikiwa kimebanwa ubavuni mwa Delete, mimi ningeiacha mashine hiyo.

Laptopu za tangu 2024 nyingine zimewekwa kitufe cha Copilot, msaidizi wa akili bandia wa Microsoft, mahali pa kile cha kufungulia menyu. Usiiache mashine nzuri kwa sababu hiyo tu: Shift na F10 hufanya kazi ile ile.

Je, uchukue yenye vitufe vya namba upande wa kulia? NVDA ina amri nyingi nzuri huko, lakini mashine inakuwa ya inchi 15.6, nzito, na herufi zimesogea kushoto. Anayezunguka mahakamani, au anayevuka Mokowe kwenda Lamu kila wiki, inchi 14 zinamtosha. Aiambie NVDA itumie Caps Lock badala ya Insert kwa amri zake. Akitaka herufi kubwa za kawaida, aibonyeze mara mbili haraka.

Hapa Malindi kuna bahati ambayo wanaoona hawaioni. Laptopu inayoachwa na Mtaliano anayerudi kwao mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini, kwa kuwa alama zilizochapwa kwenye vitufe ni za Kiitaliano na mnunuzi hajui @ iko wapi. Asiyeona hasomi kilichochapwa. Badilisha kibodi kwenye mipangilio ya Windows iwe ya Marekani au Uingereza, na vidole vitakuta kila kitu mahali vilipokizoea. Tofauti itakayobaki ni ya umbo: Shift ya kushoto ni fupi na Enter imesimama wima, sawa na zile za Uingereza.

Sauti ina ugonjwa wake. Laptopu nyingi hulaza kadi ya sauti baada ya kimya cha sekunde chache ili kuokoa betri, na ikiamka inakuwa imemeza mwanzo wa neno. Andika "Malindi" kwenye mstari mmoja, kaa kimya nusu dakika, kisha upitie kwa mshale. Ukisikia "lindi", mashine imekuhamishia Tanzania. Ni kasoro inayotibika: matoleo mapya ya NVDA yana kipimo cha kuiweka sauti macho baada ya kusoma, kwenye mipangilio ya sauti. Jaribu na iafoni za waya pia, ukizungusha plagi ndani ya tundu; ikikwaruza, tundu limechoka. Zile za Bluetooth huchelewa zenyewe, kwa hiyo mashine isiyo na tundu la waya ipunguzie alama.

Fungua ile faili ya kurasa 40, nenda mwisho kwa Ctrl na End, rudi mwanzo kwa Ctrl na Home, anza kusomewa, kisha bonyeza Ctrl. Sauti ikatike papo hapo. Ikiendelea hata neno moja zima, mashine inajivuta. Sikiliza na feni: ikivuma kuishinda sauti ya spika, ofisini itakuchosha.

Ndani ya mashine, diski ya SSD haina mjadala. Memori ya GB 8 ni kujibana. 16 ndiyo ya kazi. Epuka kichakataji cha Celeron, ni dhaifu. Zile mtumba za Uingereza zenye kichakataji cha Core i5 cha kizazi cha sita au cha saba ni za bei ya chini kwa sababu hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Anza kizazi cha nane. Mwajiri wako akiwa anatumia JAWS, kisoma skrini cha kulipia, bila leseni JAWS hufanya kazi dakika 40 kabla ya kutaka mashine iwashwe upya; zinatosha kuijaribu. Kwa nyaraka za Kiswahili, eSpeak, programu ya kutamka iliyomo ndani ya NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Inalia kama bati, lakini inatamka "Ng'ombeni" kama inavyotamkwa.

Kabla hujatoka dukani, mwombe anayeona aingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe. Huko hakuna kisoma skrini kinachosema, maana Windows bado haijaamka. Aibadili Fn ili F1 hadi F12 zifanye kazi zake za asili. La sivyo Alt na F4 huenda ikakupandishia sauti badala ya kufunga dirisha. Mashine nyingine hubadilika kwa Fn na Esc tu.

Stima hupotea, kwa hiyo pima betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ukurasa unaotengenezwa. Kisoma skrini huusoma vizuri. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ukiwa chini ya asilimia 70, dai bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya mashine. Chumvi ya pwani hula matundu kwanza: chomeka flashi mara tatu kila tundu, na likishindwa kuitambua hata mara moja, limeshaanza kuliwa.

Na ile skrini? Ikiwa na ufa, chukua punguzo bila aibu. NVDA inaposoma picha kwa Insert na R hutumia picha iliyo ndani ya mashine, haitegemei kioo, mradi tu pazia la skrini la NVDA, linaloifanya skrini iwe nyeusi, liwe limezimwa. Iliyokufa kabisa usiichukue: siku Windows itakapogoma kuamka, fundi atahitaji pa kutazama.